Siku Tatu Granada: Hakuna Mshindi ila Allah



Tangu tuweke picha mbili tatu za safari yetu ya Granada, maswali hayajakatika. Wapo waliouliza viza inapatikanaje, wapo waliouliza tulikula nini, na biharusi mmoja ameuliza kama huko kunafaa kwenda fungate. Leo tunajibu yote kwa pamoja, na tutasema pia lile ambalo picha hazikulionesha. Tunaandika sisi wawili, mke na mume. Kila mmoja ameusoma ujumbe huu na kuongeza lake.

Kwa asiyeijua, Granada ni mji wa kusini mwa Hispania, chini ya milima ya Sierra Nevada yenye kilele kinachopita mita 3,400. Waislamu waliingia nchi ile mwaka 711 na wakatawala sehemu zake kwa karne nyingi. Utawala wa Granada ndio uliokuwa wa mwisho kuanguka, Januari 1492. Ndiyo maana tuliuchagua mji huu na si mwingine wa Ulaya. Tulitaka tukitembea tuwe na cha kusoma ukutani, na tukisimama kupiga picha tuwe na cha kukumbuka.

Sisi hatukwenda fungate tulipooana. Pesa zilikwenda kwenye kodi ya mlango wa duka na cherehani mbili, na hatujuti. Baadaye tukaanzisha kibubu. Kila Ijumaa tunatia chochote, kikijaa tunapeleka benki. Miaka saba baadaye, watoto wawili wakiwa kwa bibi yao, ndipo tukapanda ndege.

Jambo tulilokwenda nalo

Safari ilikuwa imeshalipiwa. Wiki tatu kabla ya kuondoka, mume akapata barua ya kazi kutoka Muscat. Kazi nzuri, mshahara mara mbili ya anaoupata hapa, nyumba juu ya mwajiri, na jibu litakiwe mwisho wa mwezi. Mke naye ana duka la nguo za harusi, wasichana wanne wanaopata riziki zao humo, na maagizo ya maharusi yaliyojaa mpaka Shaabani.

Mume akisema, "Twende sote."

Mke akisema, "Na duka namwachia nani?"

Ikawa kila usiku, watoto wakishalala, tunaanza pale tulipoishia jana. Hakuna aliyemvunjia mwenziwe heshima, alhamdulillah, lakini nyumba ilikuwa nzito. Mmoja anasema watoto watasoma vizuri Muscat, mwingine anajibu kwamba madrasa yao iko hapa na bibi yao yuko hapa. Mmoja anataja mshahara, mwingine anataja miaka aliyoipoteza macho kwenye sindano. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tulikuwa tunakaa, ila kila mmoja ameinamisha pembe.

Tukafikiria hata kuahirisha safari. Bibi yetu mmoja, mtu mzima aliyewahi kuwa somo wa maharusi wengi mtaani, akatwambia, "Nendeni wanangu. Hilo neno lenu mtalikuta hapa hapa mkirudi, halina miguu." Basi tukaenda, kwa sharti moja. Muscat isitajwe mpaka tuwe tumeiona Alhambra.

Kuingia Granada

Tulikwenda Novemba. Tuliunganisha ndege hadi Málaga, mji wa pwani, kisha tukapanda basi. Njia nzima ni mizaituni, vilima kwa vilima, imepangwa kama mishono ya mkono. Baada ya kama saa mbili tukawa Granada, na baridi ikatupokea mlangoni mwa basi. Dada zetu, kipupwe chetu kisiwadanganye. Baridi ya kule inaingia mpaka kwenye kucha.

Alasiri ile tulipanda Albaicín, mtaa wa zamani wa Waislamu ulio juu ya kilima, ukitazamana na Alhambra. Anayetoka Mji Mkongwe hatapotea roho pale. Vichochoro ni vyembamba, vinapinda bila taarifa, na nyumba zimewapa watu mgongo. Kuta ni nyeupe na ndefu, uzuri wote umefichwa ndani uani, penye miti na maji. Tofauti ni kwamba vichochoro vyetu ni tambarare na vile vinapanda mlima, tena vimetandikwa mawe ya mviringo. Ndani ya dakika kumi viatu vya kisigino vya mke vilirudi kwenye mkoba na raba zikatoka.

Juu kabisa pana kiwanja kiitwacho Mirador de San Nicolás. Hapo ndipo watu wote wanapokwenda kuitazama Alhambra jua likitua. Jengo linageuka rangi ya udongo uliochomwa, na nyuma yake theluji. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-Hamra, nyekundu. Tulisimama kimya. Kimya kile hakikuwa cha nyumbani, kile cha kununa. Tulishiba macho tu.

Maneno ya ukutani

Siku ya pili tulikuwa na tiketi ya saa nne asubuhi. Angalieni hapa. Tiketi imeandikwa 10:00, na hiyo ni saa nne yetu, si saa kumi. Tiketi za majumba ya kifalme zina jina lako na saa yako, paspoti inatazamwa, na ukichelewa saa yako huingii majumbani humo. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, kwa hiyo tiketi inunuliwe mapema kabla hata ya kulipia hoteli.

Aliyeanza kuijenga Alhambra kama makao ya kifalme ni Muhammad ibn al-Ahmar, mwaka 1238, yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wa Wanasri. Waliofuata waliendelea kuongeza. Ua wa Simba, ambao wengi mmeuona kwenye picha, ulijengwa zama za Muhammad wa Tano katika karne ya 14. Una nguzo 124 nyembamba, na katikati simba 12 wa marumaru wamebeba beseni la maji.

Mke ni fundi, basi macho yake yalikwenda kwenye nakshi. Umbo moja dogo linakatwa, linageuzwa, linaunganishwa na mwenziwe, na likirudiwa linajaza ukuta mzima bila kuonekana mwisho. Anayeshona kofia za viua ataelewa. Kitundu kimoja hakisemi kitu, lakini vikipangwa kwa hesabu vinakuwa ua, vinakuwa nyota. Ukikosea hesabu mwanzo, kofia nzima inakataa.

Mume yeye alikuwa anasoma. Mwandishi ya zamani ina mikunjo mingi, mwanzo hatukuambulia kitu. Kisha mstari mmoja ukaanza kujitokeza. Tukauona juu ya mlango, kwenye vigae, kwenye nguzo, ukizunguka dirisha: Wa la ghaliba illa Allah. Hakuna mshindi ila Allah. Ukishaujua huwezi tena kutouona. Mume akaanza kuhesabu kwenye ukuta mmoja, alipofika arubaini akaacha.

Hayo yalikuwa maneno ya ukoo ule. Inasimuliwa kwamba Ibn al-Ahmar alirudi mjini kutoka vitani, watu wakamlaki kwa kumwita mshindi. Yeye akawajibu kwa maneno hayo. Kisa hiki kina uchungu ndani yake, kwa sababu Seville ilipoanguka mwaka 1248 yeye alikuwa upande wa mfalme wa Kikristo, kwa mkataba alioingia ili Granada isalie. Ukimsoma mtu huyo huwezi kusema moja kwa moja alishinda au alishindwa. Aliubakiza mji wake mikononi mwa Waislamu kwa miaka mingine zaidi ya mia mbili.

Hatua chache kutoka hapo liko jumba kubwa zito la Mfalme Charles wa Tano, lililoanza kujengwa mwaka 1527, baada ya Waislamu kuondolewa. Nalo ni zuri, lakini limekaa pale kama mtu aliyekuja kuthibitisha kitu. Leo hakuna mfalme wa upande wowote anayelala humo. Wote wana wageni tu, na walinzi wanaokwambia usiguse.

Pana pia kisali kidogo chenye mihrabu, dirishani unaiona Albaicín. Ni makumbusho, hapasaliwi. Tulisimama nyuma ya kamba, tukamwomba Allah awarehemu waliowahi kusujudu pale, tukatoka.

Hina iliyokatazwa

Mchana tulishuka mtaa wa Calderería Nueva, wenye nyumba za chai za watu wa Morocco. Mama mmoja mwenye duka aliona hina mikononi mwa mke, akatabasamu, akaonesha mikono yake. Hatukuwa na lugha moja, lakini hina ilitosha.

Tunawapa kisa hiki mabiharusi wetu mkiweke. Mkataba wa kukabidhi Granada, uliotiwa saini Novemba 1491, uliwaahidi Waislamu dini yao, misikiti yao na mila zao. Haukupita muda mrefu ukavunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 wakalazimishwa kubatizwa au kuhama. Mwaka 1567 ikatangazwa amri ya Mfalme Philip wa Pili. Kiarabu marufuku. Mavazi yao marufuku, na wanawake wasifunike nyuso. Mabafu yao marufuku. Wanawake wasitie hina. Na siku za harusi, na Ijumaa mchana, milango ya nyumba iachwe wazi ili waonekane wanachofanya ndani. Mwaka uliofuata watu wa milimani wakaasi, wakapigwa, wakatawanywa. Kati ya 1609 na 1614 kizazi chao kikafukuzwa Hispania yote.

Fikiria biharusi wa wakati ule. Siku yake ya harusi mlango uko wazi, askari anaweza kuchungulia, na mikono yake ni mitupu. Sisi hapa tunagombana ni piko ya aina gani na mchoro wa nani. Si vibaya kupendeza. Lakini utakapokaa umenyoosha mikono unachorwa, na mlango umefungwa, na ndani ni wanawake watupu wanacheka, sema alhamdulillah kwa mlango ule.

Jioni ya siku ya pili

Pembeni ya kiwanja cha San Nicolás upo Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003. Ni msikiti wa kwanza kujengwa kwa ajili hiyo mjini humo tangu 1492. Karne tano na ziada. Una bustani ndogo yenye maji na maua, na mbele yako ng'ambo ya bonde iko Alhambra. Tuliposikia adhana ya Magharibi, hatukutazamana. Mtu asimwone mwenziwe analia.

Baada ya sala tulikaa bustanini na vikombe vya chai tulivyobeba kwenye chupa. Alhambra tumeshaiona, sharti limekwisha. Mume ndiye aliyeanza. Akasema, "Tusiseme Muscat kila mtu kwa upande wake. Mimi niseme sababu zako, wewe useme zangu. Na mwenye sababu ndiye aseme kama zimesemwa sawasawa."

Akaanza yeye. Akasema mke hakatai safari, ila duka ndilo kitu cha kwanza alichokijenga kwa mikono yake, na anaogopa kufika ugenini akawa mtu wa kungoja kupewa. Mke akasema, "Ndiyo. Na wasichana wangu wanne." Akaongeza hilo. Kisha zamu ya mke. Akasema mume hatafuti utajiri. Ana miaka arubaini, anamwona baba yake mzee bila akiba, na anaogopa kufika umri ule akiwategemea watoto. Mume alinyamaza muda. Akasema, "Hayo sikuwahi kukwambia." Mke akasema, "Hukuniambia. Nimekaa na wewe miaka saba."

Tulimkumbuka Mama Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake. Mwaka wa sita wa Hijra, Mtume, rehma na amani zimshukie, alifunga mkataba wa Hudaybiya. Masahaba waliuona mkataba ule kama kushindwa, wakawa wazito hata kuchinja na kunyoa. Naye Mtume akaingia hemani akamweleza mkewe, na Ummu Salama akampa rai: atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake, anyolewe. Akafanya hivyo, na watu wakamfuata. Mbora wa viumbe alichukua rai ya mkewe safarini, wala uongozi wake haukupungua. Na ule uliodhaniwa kushindwa ukawa mlango wa kheri kubwa.

Usiku ule tulisali istikhara. Hatukuota ndoto. Kesho yake tuliandika kwenye karatasi ya hoteli tulichokubaliana. Mume aende Muscat mwaka mmoja peke yake. Duka libaki, na msichana mkubwa kati ya wale wanne afundishwe kukata na kushika hesabu, apewe sehemu ya faida. Mke na watoto waende likizo za skuli. Mwaka ukiisha tukae tena, na mtu asije na jibu mfukoni.

Hakuna aliyepata alichotaka chote. Mume alitaka familia yake karibu, hakuipata. Mke alitaka mume nyumbani, hakumpata. Ujumbe huu tunauandika mmoja akiwa Muscat na mwingine Unguja, tukipelekeana kwa simu baada ya Isha. Upweke upo, tusidanganyane. Lakini ule uzito wa kila usiku umeondoka, kwa sababu hakuna kati yetu anayeishi katika ushindi wa mwenziwe.

Mabiharusi wetu, mtafundishwa mengi ndani ya siku saba: kusinga, udi, kupika, kumpokea mume. Ongezeni na hili. Yatakuja mambo ambayo nyote wawili mna haki, na hayo ndiyo magumu kuliko yale ambayo mmoja amekosa. Hapo usitafute kushinda. Sema sababu za mwenzio kwa mdomo wako mpaka aseme ndiyo, ndiyo hizo. Mume ni kiongozi wa nyumba, hilo halina mjadala, na kiongozi anayejua sababu za anaowaongoza anafuatwa kwa moyo.

Kwa mnaotaka kwenda

Viza. Mtanzania anahitaji viza ya Schengen. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Utatakiwa taarifa za benki, mahali pa kulala, mpango wa ndege, na bima ya safari yenye matibabu yasiyopungua yuro 30,000. Mwenye biashara yake aambatanishe leseni na karatasi za kodi.

Sala. Sisi tulikaa chini ya siku nne, basi kwa madhehebu yetu ya Shafii tulipunguza na kukusanya. Wenye soksi za ngozi wazichukue, msafiri ana ruhusa ya kupaka maji juu yake siku tatu na nyusiku zake, na kwa baridi ile utashukuru. Novemba Magharibi inaingia kiasi cha saa kumi na mbili jioni, lakini katikati ya kiangazi inapita saa tatu na nusu usiku. Pangeni kwa kujua hilo.

Chakula. Mapaja ya nguruwe yananing'inia kwenye dari za mikahawa, msishtuke. Kwenye nyumba za chai na mikahawa ya Wamorocco mtapata cha halali, ila ulizeni kila mara. Ulizeni pia kuhusu keki, nyingine hutiwa pombe. Sisi tulibeba tende na visheti.

Choo. Chukueni chupa ndogo ya maji mkobani. Mtatuombea dua.

Mavazi. Buibui na mtandio havikutuletea taabu yoyote. Koti zito, na viatu vya chini.

Kununua. Alcaicería lilikuwa soko la hariri zama za Waislamu. Liliungua mwaka 1843, la sasa limejengwa upya, na vitambaa vingi humo ni vya kiwandani tu. Sisi tulichukua kisanduku kidogo cha mbao cha taracea, kazi ya kupachika vipande vya mbao na mifupa ambayo mafundi wa Granada wanaifanya mpaka leo. Ile karatasi ya hoteli tumeiweka humo. Tazameni pia El Bañuelo, bafu la karne ya 11 lenye matundu ya nyota kwenye dari.

Allah awape mabiharusi wetu waume wema, awape wanandoa masikilizano, awarudishe walio safarini kwa ahali zao salama. Amin. Wabillahi tawfiq.